Agatha Christie alizijulia wapi sumu zote zile?

Ukisoma vitabu vya Agatha Christie, yule mama wa Kiingereza wa stori za upelelezi, utaona watu wake wengi hawafi kwa bastola. Wanakufa kwa chai. Au kahawa, au dawa yao wenyewe ya kila siku. Na sumu haielezi juujuu, anakwambia inaanzaje mwilini, mtu anajikunja vipi, inachukua muda gani. Mi nilidhani alikuwa na daktari wake pembeni wa kumuuliza, kumbe wapi, huyu mama alikuwa mtu wa famasi kabla hajawa mwandishi.

Alizaliwa 1890 Torquay, mji wa pwani kule kusini magharibi mwa Uingereza. Vita kuu ya kwanza inaanza 1914, mwaka huohuo kaolewa na rubani Archie Christie, mume karudi vitani, yeye akajitolea unesi kwenye hospitali ya majeruhi hapo hapo mjini kwao. Baadae wakampeleka chumba cha dawa, na 1917 akafanya mtihani wa kuchanganya dawa akafaulu. Sasa elewa, enzi hizo dawa nyingi hazikuja kwenye pakiti kama leo, unapima mwenyewe, unasaga, unachanganya kwa mkono, na arseniki na strikinini zipo kabatini kama dawa za kawaida maana kwa kipimo kidogo zilikuwa zinatibu, ukizidisha ndo umeua.

Kuna mfamasia mmoja pale mjini alikuwa anamfundisha, na huyo bwana alikuwa wa ajabu kidogo. Siku moja alikosea nukta ya desimali akitengeneza dawa za kuweka njia ya haja kubwa, dozi ikazidi mara kumi, Agatha kaona ila akaogopa kumsahihisha mkubwa, akafanyaje? Akajifanya amejikwaa, trei chini, halafu akazikanyaga kabisa. Bwana huyohuyo alitembea na kurare mfukoni, ile sumu ya mishale ya Amerika Kusini, eti ikimfanya ajione ana nguvu. Hiyo haikumtoka Agatha kichwani, zaidi ya miaka 40 baadae ikamsaidia kuandika The Pale Horse ya 1961.

Kitabu chake cha kwanza alikianza humohumo kwenye chumba cha dawa, siku ambazo kazi imepoa, na dada yake alishamtania kwamba stori ya upelelezi haiwezi. Wachapishaji kadhaa walikikataa, kikatoka 1920. Mwuaji simtaji, ila mbinu yenyewe ni ya kifamasia kabisa: chupa ya dawa ya nguvu yenye strikinini ukiitia bromaidi, yaani dawa ya kutuliza ya enzi hizo, vinakamatana, vinakuwa chembe zinazoshuka chini taratibu, kwa hiyo kila siku mtu anakunywa maji ya juu hana shida, siku ya mwisho anakunywa strikinini ya chupa nzima kwa mkupuo. Tangu nisome hiyo, nikiona chupa imeandikwa tikisa kabla ya kutumia natikisa kweli. Jarida la wafamasia lilikisifu kwa kuelewa sumu, na yeye alizithamini sana sifa hizo.

Ile ya kupotea siku 11 mwaka 1926 naiacha, watu wanaipenda ila haina sumu. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba vita ya pili ilivyokuja, tayari jina kubwa, alirudi tena kuchanganya dawa, safari hii hospitali ya University College London.

Alifariki Januari 1976. Mwaka uliofuata mtoto wa miezi 19 kutoka Qatar akaletwa hospitali London, hali mbaya, madaktari wamepima hiki na kile hawaoni kitu. Nesi mmoja wa wodini alikuwa anasoma The Pale Horse, akaona nywele za mtoto zinavyotoka, akasema jamani hii mbona kama thaliamu, ile sumu ya kwenye kitabu. Wakapima, ndo yenyewe, ilikuwa kwenye dawa ya kuulia mende na panya nyumbani kwao. Mtoto akapona, na madaktari walipoandika kisa hicho kwenye jarida lao la kitabibu wakamshukuru nesi, na wakamshukuru pia marehemu Agatha Christie kwa kueleza dalili vizuri.