Kiwavi ana miguu mingapi?

Mwalimu wa chekechea aliyenialika alikuwa ameshawaandaa wanafunzi wake. Nilipouliza mdudu ana miguu mingapi, walijibu wote kwa sauti ya kuimba: "Sitaaa!" Basi nikamweka kiwavi juu ya jani, jani nikaliweka juu ya karatasi nyeupe, nikatoa lenzi. Msichana wa miaka mitano akaanza kuhesabu kwa ncha ya penseli, polepole, bila kumgusa. Akafika sita, akasita, akaendelea. Alipomaliza alininong'oneza, kana kwamba hataki kiwavi asikie: "Mwalimu, ana kumi na sita. Huyu si mdudu."

Kazi yangu ni wadudu, na nimeshasikiliza watu wazima wengi wakiwazungumzia. Ni wachache waliowahi kunipa hoja safi kama hiyo. Mtoto alipewa kanuni, akaipima, akatoa hukumu. Kosa halikuwa lake, lilikuwa letu tuliomkabidhi namba kabla ya kumkabidhi mdudu. Tangu siku hiyo huwaomba walimu wasiitaje sita mapema. Waache watoto wahesabu, wabishane, waikute wenyewe.

Kiswahili nacho kina vituko vyake hapa. Kwetu mdudu ni mdudu: buibui yumo, tandu yumo, jongoo na kupe wamo, hata vijidudu vya maradhi wana undugu wa jina. Vitabu vya sayansi vikalichukua neno hilohilo na kulibana: mwili wa sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo, vipapasio viwili na miguu sita. Mtoto husikia neno moja lenye maana mbili, na hakuna anayemwambia. Mimi simkatazi kumwita buibui mdudu, maana atakuwa anasema Kiswahili sahihi. Ninapotaka ile maana finyu husema "mdudu wa miguu sita", basi. Buibui akifika kwenye meza yetu na miguu yake minane, watoto wenyewe humtoa kundini. Jongoo huwashinda. Huhesabu mpaka thelathini hivi, wakachoka wakaondoka, na siwalaumu: mwaka 2021 wataalamu walimtangaza jongoo wa Australia mwenye miguu 1,306.

Turudi kwa kiwavi. Tulimtazama tena kwa lenzi, mguu mmoja mmoja. Jozi tatu za mbele, karibu na kichwa, ni nyembamba, ngumu, zina viungo na ukucha mdogo nchani. Hiyo ndiyo miguu yake sita ya kweli. Ile kumi ya nyuma ni vinundu laini vya nyama visivyo na viungo, vyenye vikulabu vidogo mno vya kung'ang'ania kijiti. Tukajaribu sisi: kushika penseli kwa vidole, kisha kuibana kwa kunjo la kiwiko. Zote mbili zinashika, ila ni kushika kwa namna mbili. Kiwavi akishageuka kipepeo, vinundu vile havipo tena.

Ungedhani hapo mambo yamekwisha, lakini kipepeo naye ana yake. Wako vipepeo wa jamii kubwa sana ambao miguu yao ya mbele imedumaa na kukunjwa kifuani kama vibrashi, hivyo anayehesabu hupata minne tu. Vunjajungu naye hukunja ile ya mbele kwa ajili ya kunasia mawindo, na watoto husema ana miguu minne na mikono miwili. Mimi huona hayo ni maelezo mazuri kuliko ya kitabu, kwa sababu yanataja na kazi.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote hauhitaji lenzi wala mdudu. Panga watoto watatu mstari mmoja, wa nyuma amshike wa mbele kiunoni. Miguu sita hiyo. Wa mbele atataka kuwa kichwa na wa mwisho atataka kuwa tumbo. Waambie hapana, nyote watatu ni kifua, maana miguu yote ya mdudu imeota kifuani. Kichwa awe mtoto wa nne, mikono yake ndiyo vipapasio, na tumbo awe wa tano. Sasa watembee. Mara ya kwanza wote huanza na mguu wa kushoto kama askari wa gwaride, na mdudu mzima huyumba upande. Kisha mwambie wa kati aanze na wa kulia. Papo hapo mwendo unatulia, kwa sababu kila hatua miguu mitatu iko chini, miwili upande mmoja na wa kati upande wa pili, pembetatu kamili. Ukipaza sauti "Simama!" katikati ya hatua, wanasimama wima kama chungu juu ya mafiga matatu. Na chungu yule mwingine, anayetembea kwa mstari ukutani, huenda kwa mtindo huohuo. Watoto hucheka sana wakigundua kwamba chungu hutembea kama chungu.

Mkishamfikia chungu, msimwache upesi. Tafuteni msafara wao, kisha mtoto apanguse njia kwa kidole kilicholowa maji, upana wa kidole tu. Chungu wa kwanza akifika hapo husimama, hupapasa kulia na kushoto, hurudi nyuma, humgonga mwenzake. Njia ile ilikuwa harufu, na harufu imefutwa. Baada ya muda mmoja hujitosa, akavuka, na wengine wakafuata. Hapo mtoto ameona kazi ya kipapasio bila kuelezwa. Mwonyesheni pia kiuno: chungu ana kiuno chembamba na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko, mchwa hana kiuno na vipapasio vyake vimenyooka kama uzi wa shanga. Wanafanana kwa mbali tu. Mchwa ni jamaa wa mende, chungu ni jamaa wa nyigu na nyuki.

Halafu masikio. Waambie wachore masikio ya panzi, na wote watayaweka kichwani. Panzi wa kawaida masikio yake yako ubavuni, pale tumbo linapoanzia. Ya nyenje yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Kwa mkono wa mtoto hapo ni chini ya kiwiko, basi tukacheza unyenje: asiyetaka kusikia aufunike mkono wake. Mvulana mmoja aliendelea kuchezacheza nilipoomba kimya. Nilipomuuliza, alijibu kwamba hanisikii kwa sababu amevaa shati la mikono mirefu.

Kuhusu kushika nina ukali kidogo. Dudu liumalo usilipe kidole: nyuki, nyigu, siafu na viwavi wenye manyoya tunawatazama kwa macho tu. Wengine huwapandisha juu ya brashi laini ya rangi. Kipepeo hashikwi bawa, kwa kuwa ule unga unaobaki kidoleni ni vigamba vyake na havioti tena. Chupa iwe na matundu, ikae kivulini, na mgeni arudishwe alikotolewa baada ya dakika chache. Niliwahi kuisahau chupa dirishani penye jua wakati nikipiga soga na walimu. Panzi alikufa, na ilinibidi kuwaeleza watoto ishirini kwamba kosa ni langu.

Yule msichana wa kiwavi alimchora kabla sijaondoka. Miguu sita aliichora kwa penseli nyeusi, akiikandamiza, na kumi kwa penseli ya kijani iliyofifia. Akanionyesha ile ya kijani, akauliza kama inajua kwamba itapotea.