King Kong wa 1933 hakuwa mtu ndani ya vazi

Wengi huamini kwamba gorila wa filamu ya King Kong ya 1933 alikuwa mwigizaji aliyevaa manyoya. Sivyo. Alikuwa sanamu ya takriban sentimita 45: kiunzi cha metali chenye viungo, minofu ya mpira na pamba, na juu yake ngozi ya sungura. Fundi Willis O'Brien aliisogeza kidogo, akapiga picha moja, akaisogeza tena. Sekunde moja inahitaji picha 24, kwa hiyo dakika moja ni picha 1,440!

Ukiitazama filamu hiyo, kodolea macho manyoya ya gorila. Yanachezacheza kana kwamba kuna upepo, kwa sababu vidole viliyavuruga kila sanamu iliposogezwa. Ni kasoro, lakini ndiyo inayomfanya aonekane anapumua. Kichwa na mkono vya ukubwa wa kutisha vilitengenezwa kando kwa picha za karibu. Ndio mkono uliomshika mwigizaji Fay Wray.

Huenda mkanganyiko unatokana na toleo la 1976, ambamo Rick Baker alivaa vazi kweli, au na Godzilla, dubwana wa filamu ya Japani ya 1954, aliyechezwa na Haruo Nakajima akiwa ndani ya vazi.