Ile feri ilishafika zamani

Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, uende Likoni, Mombasa: utaona feri katikati ya kivuko. Wengi huamini inavuka sasa hivi. Kuna mama nilimkuta akiitafuta humo gari ya mumewe, ajue imeegeshwa kwa nani!

Hiyo ni picha tu, mara nyingi ya mwaka mmoja hadi mitatu iliyopita. Tena si moja. Ni vipande vya tarehe mbalimbali vilivyoungwa. Ndiyo maana ufuo mmoja waweza kuonyesha maji yamekupwa na miamba iko wazi, kisha hatua chache mbele yamejaa. Hapo ndipo penye mshono.

Setilaiti za picha hazikai juu yetu zikitutazama. Landsat 8, setilaiti ya Marekani, hupita pale pale kila baada ya siku 16, na kitone kimoja cha picha yake ni mita 30 za ardhi kila upande. Gari halionekani.

Mabadiliko yanaonekana ukifungua Google Earth kwenye kompyuta na kurudisha miaka nyuma. Miritini ya 2013, huko huko Mombasa, haina stesheni ya SGR, ile reli ya kwenda Nairobi. Ya 2018 inayo. Katikati kuna mapengo, maana mawingu ya masika nayo hufunika.