Je, wajua kwa nini mashine ya alama za vidole hukukana?

"Mama, weka tena," karani alisema. Mama yangu akabandika kidole gumba kwenye kioo. Taa nyekundu. "Kifute kwanza, halafu uweke." Akakifuta, akaweka. Nyekundu tena. Kitambulisho chenye picha yake kilikuwa mezani, naye mwenyewe amesimama hapo hapo, lakini mashine ilishaamua kwamba yeye si yeye. Tulipotoka nje nikamweleza kwa uhakika kabisa kwamba kazi za mikono za miaka mingi zimemfuta alama. Aliniamini. Kwa karibu mwaka mzima aliwaambia watu kuwa hana tena alama za vidole.

Nilimwambia jambo lisilo kweli, na inaniuma kwamba wengi, hata walio nyuma ya kaunta, bado wanawaambia watu hivyo hivyo.

Alama ya kidole haikupakwa juu ya ngozi kama rangi ukutani. Mchoro wenyewe uko chini, pale ngozi ya juu inapokutana na ngozi ya ndani, na huanza kuumbika mtoto akiwa bado tumboni, karibu wiki ya 10 ya mimba. Tandika shuka jepesi juu ya fito, na mistari ya fito itaonekana kwenye shuka. Badilisha shuka mara mia, mistari itarudi ile ile. Ngozi ya juu ndiyo shuka, nayo hujifanya upya kila baada ya mwezi hivi, polepole zaidi uzeeni. Saruji, sabuni kali na mpini wa jembe huchakaza shuka, si fito. Mwaka 1934 jambazi wa Marekani John Dillinger alijaribu kuziua alama zake kwa asidi. Alipouawa kwa risasi Chicago mwaka huo huo, vidole vyake bado vilitosha kumtambulisha.

Wapo ambao kweli hawana alama, ila ni wachache mno. Kuna watu wanaozaliwa na vidole laini kabisa, na mwaka 2011 watafiti waliochunguza ukoo mmoja wa Uswisi walilihusisha jambo hilo na hitilafu katika jeni moja. Mmoja wa ukoo huo alikuwa amepata taabu kuingia Marekani kwa sababu ya vidole hivyo, na madaktari wakaubandika ugonjwa jina la utani: ugonjwa wa kucheleweshwa uhamiaji. Ipo pia dawa ya saratani, capecitabine, inayoweza kuchubua viganja hadi alama zisisomeke, ingawa si kwa kila anayeitumia, na baadhi yao zimerudi baada ya kuiacha. Kovu la moto au kisu kilichofika ngozi ya ndani nalo hubaki. Mama yangu hakuwa hata mmoja wa hao.

Basi kama alama zipo, mashine inakataa nini?

Mashine nyingi hazilinganishi picha na picha. Fikiria umesimama kilimani unatazama shamba lililolimwa matuta. Matuta mengi yanakwenda sambamba na hayakwambii kitu. Unachoweza kukariri ni pale tuta linapokatika ghafla, na pale linapogawanyika kuwa mawili. Mashine hutafuta sehemu hizo hizo kwenye kidole, huzipiga nukta, kisha hutunza ramani ya nukta hizo: ziko wapi na zinaelekea upande gani. Ukirudi siku nyingine, inachora ramani mpya na kuilinganisha na ile ya siku ya kusajiliwa.

Sasa shamba likikauka sana, matuta humomonyoka na kukatika katika. Ngozi kavu hufanya vivyo hivyo: inagusa kioo hapa, hapa haigusi, na tuta moja zima linaonekana vipande vitano. Kila mwisho wa kipande mashine huuhesabu kuwa nukta, ingawa kidoleni haupo. Shamba likifurika, mifereji hujaa maji na matuta mawili huonekana kama tuta moja. Ndivyo jasho linavyofanya. Kutoka tuta hadi tuta kidoleni ni kama nusu milimita tu, kwa hiyo ukungu mdogo kwenye kioo unatosha kuharibu ramani. Wazee hupata shida zaidi kwa sababu ngozi yao ni kavu na hailali vizuri kwenye kioo, ingawa kwa aliyefanya kazi ngumu maisha yake yote ni vigumu kutenganisha umri na kazi.

Na hata hapo mashine haijasema ndiyo wala hapana. Inatoa alama za ufanano, kama mtihani, na mtu fulani ofisini alishaamua ngapi ni za kufaulu. Akizipandisha, matapeli wanazuiwa na wenye vitambulisho halali wanarudishwa nyumbani. Akizishusha, kinyume chake. Hakuna kiwango kinachomaliza makosa yote mawili. Taa ile nyekundu ilimaanisha "sijapata nukta za kutosha", lakini sote pale kaunta tuliisoma "huyu si yeye".

Mara ya pili tulikutana na karani kijana. Alikipangusa kioo, akamwomba mama apake mafuta kidogo na kusubiri yakauke, kisha akasema, "Mama, tuachane na gumba. Nipe cha pete, mkono wa kushoto." Kidole hicho hakibebi kazi nyingi kwa mtu anayetumia mkono wa kulia. Taa ikawa kijani mara ya kwanza. Mama akabaki amekiinua, anakitazama kwa karibu, mpaka wa nyuma yake kwenye foleni akamgusa bega.