Usiifukuze meli

Wiki hii tena, darasani, kijana wa Lamu ameniambia hana wasiwasi na kuanguka baharini. "Mwalimu, mimi nimekulia majini. Nitaogelea niifuate meli." Kila kozi nalisikia hili, na anayelisema ndiye anayekwenda kuajiriwa kwenye meli za kitalii.

Piga hesabu. Meli ikienda maili 20 za baharini kwa saa, kila sekunde inakata mita 10. Nusu dakika tu, meli ya mita 300 imeshakupita yote. Dakika moja, imekuacha zaidi ya mita 600. Ukiifukuza unamaliza nguvu za kuelea. Lala chali, tuliza pumzi.

Vitabu vinachora mtu aliyejikunyata, magoti kifuani, ahifadhi joto. Nilimfundisha kila mtu hivyo kwa miaka, na sasa najuta: asiye na jaketi okozi mkao huo unambinua kifudifudi. Nimeuona bwawani, mwanafunzi baada ya mwanafunzi.

Wanaookolewa baada ya saa nyingi wapo. Agosti 2018, bahari ya Adriatic, abiria alikaa majini kama saa 10. Novemba 2022, Ghuba ya Mexico, mwingine alipita saa 15. Wote walikuta maji yasiyo na baridi kali. Lakini bahati hiyo si ya kutegemea; aliyeanguka anahitaji mtu aliyemwona.

Hapo ndipo ninapong'ang'ania: wewe uliyeona. Piga ukelele "Mtu baharini!" utaje na ubavu wa meli alioangukia, tupa boya, kisha nyoosha mkono, mwonyeshe kwa kidole, na macho yasibanduke. Usikimbilie darajani, chumba cha kuongozea meli, wewe, mtume mwenzako. Kichwa cha mtu baharini ni kifuu cha nazi. Kwenye zoezi moja nilikuwa nimelikazia macho sanamu la rangi ya chungwa, mwenzangu akaniita, nikageuka kumjibu. Niliporudisha macho, maji matupu.

Darajani wana yao: kitufe cha GPS cha kuweka alama ya mahali, honi ndefu tatu, usukani upande alioangukia ili tezi na propela zimwepuke. Kisha mzunguko wa Williamson: meli ikigeuka digrii 60, usukani unalazwa wote upande wa pili, meli irudi kwenye njia yake. Mchoroni unapendeza. Mimi siuamini peke yake, kwa sababu mkondo unamchukua mtu huku upepo unaisukuma meli.

Kuhusu kuzuia, sitasema mengi. Sheria ya Marekani ya 2010 inataka reli isipungue sentimita 107. Ukiwa umesimama wima, reli hiyo huvuki kwa kuteleza tu. Pombe, kuikalia, kuipanda kwa ajili ya picha: hayo ndiyo yanayovusha watu.

Kesho tunaingia bwawani. Yule kijana wa Lamu nitamsimamisha ukingoni, mkono umenyooka, dakika 20, wenzake wakimwita jina.