"Wingu Limeonekana, Kata!" na Mengine Ninayoyasikia Kila Februari

Wiki iliyopita, saa mbili asubuhi, kirikuu iliingia getini na kreti 30 za Chenin Blanc, zabibu nyeupe za mvinyo. Mzee mwenye shamba amekaa mbele, shingo nje ya dirisha, anatazama juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pima upesi mwanangu, mvua isitukute hapa."

Nikachukua matunda huku na huku kwenye kreti, nikayaponda, nikadondosha tone kwenye kioo cha rifraktomita, kile kipimo cha sukari ya juisi, na kuielekeza kwenye mwanga. Briksi 15, yaani kama gramu 15 za sukari katika kila gramu 100 za juisi. Nikafuta kioo, nikarudia kwa kreti za chini. 15 na nusu.

"Mzee, mbona mmewahi hivi?"

"Wewe juzi jioni hukuliona lile wingu?"

Nililiona. Lilitia giza upande wote wa Hombolo, likapiga radi mbili tatu, likaondoka na upepo. Hata vumbi halikulala. Zabibu za mzee zilihitaji kama wiki tatu zaidi mtini, na sasa ziko kwenye kreti, na hakuna fundi duniani anayeweza kuzirudisha.

Kazi yangu ni kupokea zabibu hapa Dodoma na kuzigeuza mchuzi, yaani juisi ya zabibu, kisha mvinyo. Ugomvi wangu na wakulima nauweza. Nisichokiweza tena ni kusikia maneno yaleyale kila msimu, kutoka kwa watu wanaolima kwa akili na kuhudumia shamba miezi minne bila kosa, halafu wanaliharibu kwa siku moja ya woga.

"Ukiona wingu, kata"

Hili ndilo linalonitoa usingizini, kwa hiyo nitakaa nalo.

Dodoma tuna mavuno mawili. Ya Agosti na Septemba hayana maneno: anga kavu, usiku baridi, unangoja ziive, unavuna. Ya Februari na Machi yanaangukia katikati ya mvua zetu, zile zinazoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Kwa hiyo hofu ya mkulima ina msingi. Kosa lake ni kuihesabu mvua kama kitu kimoja, kwamba ikishuka tu basi zabibu zimekwisha, afadhali kukata mbichi kuliko kukosa kabisa.

Tuanze na kinachopotea ukikata mbichi. Zabibu si ndizi wala si parachichi. Mkungu wa ndizi unaukata mbichi, unauvundika, baada ya siku kadhaa una ndizi tamu. Tunda la zabibu halina akiba ya wanga ya kugeuza sukari. Sukari yake yote inaletwa na majani, siku kwa siku, kupitia kikonyo. Kata kikonyo na bomba limefungwa. Nimewahi kumkuta dada mmoja amefunika vichala kwa magunia stoo "viive kidogo". Kilichopungua kilikuwa maji. Utamu ulionekana kupanda kwa sababu tunda lilikuwa linakauka, na nusu ya vichala vilikuwa vimeota ukungu.

Sasa hesabu. Chukua briksi, zidisha kwa 0.55, unapata takriban kilevi cha mvinyo utakaotoka. Briksi 15 inakupa asilimia 8 na kitu. Briksi 21 inakupa karibu 11 na nusu. Na si kilevi tu: kwenye 15 tindikali bado iko juu, mbegu bado za kijani, na mvinyo wake unatia meno ganzi kama ndimu. Ndiyo maana mnunuzi anakataa, au anakupa bei ya kukuondoa mbele ya geti. Na kwa kuwa unauza kwa kilo, elewa na hili: tunda linaendelea kunenepa baada ya kubadilika rangi. Ukiwahi kukata unapunja mzani wako mwenyewe.

Halafu kile ambacho mvua inafanya kweli. Maji yanaingia kwa njia mbili, kwenye mizizi na kidogo kupitia ngozi. Tunda linavimba, sukari inazimuliwa. Mvua ya jioni moja, zile zetu za kishindo za nusu saa, inaweza kukushusha briksi 1, pengine 2. Mkulima akipima kesho yake anashika kichwa. Lakini jua likitoka na upepo ukivuma, kama kawaida yake huku, baada ya siku tatu nne kipimo kinarudi kilipokuwa, na baada ya hapo kinaendelea kupanda. Kwa hiyo asubuhi baada ya mvua ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kukata, na ndiyo siku ambayo watu wengi hukata.

Kinachoua ni kingine: unyevu unaokaa. Siku tatu nne za manyunyu na mawingu, bila jua la kukausha. Ngozi zinapasuka, utomvu mtamu unatoka, inzi wadogo wa siki wanafika, ukungu wa kijivu unaanzia katikati ya kichala ambako hewa haipiti. Hapo huna cha kusubiri.

Mvua ya saa moja na mvua ya siku nne ni vitu viwili, na maamuzi yake ni mawili. Wingu la jioni halikuambii ni ipi. Utabiri wa siku kumi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unakusogeza karibu zaidi, na ninashangaa jinsi watu wanavyousoma kabla ya kupanda mtama na kuusahau kabla ya kuvuna zabibu.

Kuna kijana aliniletea hoja kwamba ameona video za Ufaransa, watu wanakimbizana na mvua usiku kwa taa. Ni kweli, na wana sababu. Bordeaux wanavuna Septemba na Oktoba, majira ya vuli yanaingia, siku zinafupika, jua linapungua nguvu kila wiki. Mvua ikizimua zabibu yao mwanzoni mwa Oktoba, huenda jua la kuirudisha lisipatikane tena mwaka huo. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Februari jua letu ni la utosini na mchana ni saa kumi na mbili na ushee. Subira ambayo Mfaransa hawezi kuimudu, wewe unayo bure. Usiazime hofu ya watu wa baridi.

Basi ninavyoamua mimi, nikipigiwa simu na wingu limetanda. Nauliza briksi kwanza. Chini ya 17, usiguse, labda uozo uwe umeshaanza. Juu ya 20 na utabiri ni mbaya, kata kesho alfajiri, ulikuwa unasubiri nini? Kati ya hapo ndipo penye kazi, na jibu halipo mawinguni, liko ndani ya kichala. Kifumbue kwa vidole hadi katikati, tazama, kisha nusa. Harufu ya zabibu, subiri. Harufu ya siki, hata kidogo, kata mistari hiyo leo na uache iliyo safi. Hakuna sheria inayosema shamba lote livunwe siku moja.

Aina nayo ina neno lake. Chenin Blanc vichala vyake vimebana na ngozi ni nyembamba, haina subira na unyevu. Hapo nilijifunza kwa aibu. Mwaka mmoja nilimwambia mama mmoja wa Mpunguzi asubiri, kipimo kilikuwa 18, nikajiona mtaalamu. Ikanyesha siku nne mfululizo, manyunyu yasiyo na kishindo. Nilipofika siku ya tano shamba lilinuka siki tangu barabarani. Mama hakunilaumu. Alinikaribisha uji, na huo uji sijausahau. Tangu siku hiyo, kwa vichala vilivyobana, nikiona utabiri wa mawingu ya siku nyingi nasema kata kwenye 18 na tuishi na matokeo.

Ninajua pia kwamba mara nyingine si wingu linalokata zabibu. Ni lori. Mnunuzi amepiga simu kwamba gari linakuja kesho na halitarudi tena hadi wiki mbili zipite. Au vijana wa kijijini wameanza kuvuna usiku kabla yako. Kwa hayo sina jawabu la kitaalamu. Ninachoomba ni kwamba ukikata kwa sababu ya lori, useme ni lori, usinisingizie mvua.

"Zimekuwa nyeusi zote, zimeiva"

Rangi ni mwanzo wa kuiva. Kutoka kichala kuanza kugeuka hadi kuvunwa, kwa joto letu, hesabu mwezi mmoja hadi mwezi na nusu. Kama unataka ishara ya macho, tafuna mbegu. Ya kijani na laini, bado. Ya kahawia inayopasuka kama karanga iliyokaangwa, umekaribia. Na ndege si wapimaji: wao huanza kula tangu rangi inapobadilika, kwa hiyo "hata ndege wameshazipenda" si hoja getini kwangu.

"Siku 120 tangu kupogoa zimetimia"

Kalenda ni ya kukukumbusha uanze kupima. Mwaka wa mawingu mengi shamba lilelile litachelewa, na mstari ulio kwenye mteremko utaushinda ulio bondeni. Andika tarehe ya kupogoa, ndiyo. Kisha kuanzia siku ya 100 pima kila wiki, na ukifika 17 pima kila baada ya siku tatu.

"Kipimo chenu kinatuibia. Nyumbani kilisoma 20"

Nyumbani ulipima tunda gani? Nakuuliza kwa heshima, lakini jibu nalijua. Ulipita mstari wa kwanza, ule wa kando unaopigwa na jua, ukachuma tunda la bega la kichala, lile nono kabisa. Hilo ni 20 kweli. La chini kwenye ncha ya kichala hichohicho ni 17, na lililojificha ndani ya majani ni 16. Mimi nikiponda mchanganyiko napata 17 na nusu, na wewe unaniita mwizi.

Chukua matunda 100. Rudia: mia. Tembea shamba zima, pande zote mbili za mistari, acha mistari ya pembeni. Moja bega la kichala, linalofuata katikati, linalofuata ncha, bila kuchagua kwa macho. Tia kwenye mfuko wa nailoni, ponda yote, pima juisi yake. Fanya hivyo saa ileile kila mara, asubuhi, umande ukishakauka. Kipimo kisichojirekebisha chenyewe kwa joto kimetengenezwa kwa nyuzi 20, kwa hiyo kilicholala juani kwenye tangi la pikipiki kitakudanganya. Kianzishe kwa tone la maji safi, kisome sifuri, ndipo uweke juisi. Kipimo kimoja kinaweza kununuliwa na kikundi cha watu kumi. Watu wananunua simu mbili.

"Mwagilia siku mbili kabla, zipate uzito"

Unauza maji, na kipimo kinayaona. Kwenye umwagiliaji wa matone, punguza maji mapema kadiri kuiva kunavyokaribia. Mti ukilegea majani mchana wa jua kali, mpe kidogo. Zaidi ya hapo unapasua ngozi wewe mwenyewe, hata mvua haijafika.

"Ondoa majani yote zipate jua"

Nimeshasema sukari inatoka wapi. Ondoa machache yanayozunguka kichala, upande wa jua la asubuhi, ili hewa ipite na matone yakauke upesi baada ya mvua. Upande wa jua la mchana acha kivuli. Zabibu iliyobabuka haina dawa.

"Basi tusubiri hadi 26, si sukari ndiyo mvinyo?"

Huyu ni yule aliyenielewa kupita kiasi. Kadiri sukari inavyopanda tindikali inashuka, na kwa usiku wetu wa joto wa Februari inashuka haraka. Mvinyo usio na tindikali ni bapa mdomoni na hauhifadhiki. Nyeupe naipenda kati ya 19 na 21, nyekundu 21 hadi 23. Ukifika hapo, vuna.

"Nimepiga dawa ya ukungu jana, sasa ziko salama, nakata leo"

Soma kibandiko cha chupa. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, na nyingine ni wiki nyingi. Salfa ya karibu na mavuno huingia hadi kwenye pipa na kuupa mvinyo harufu ya yai viza. Ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa ya ukungu ya mzabibu, vinapigwa vita mapema, vichala vikiwa bado vidogo na vigumu.

"Viroba vinatosha"

Havitoshi. Vichala vya chini vinasagika, juisi inaanza kuchacha njiani, na kufika kwangu nusu ni pombe na nusu ni inzi. Kreti ya plastiki, usiijaze kupita ukingo. Anzeni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne muwe mmemaliza, kreti zikae kivulini. Na dereva akisema anapitia sokoni kwanza, tafuta dereva mwingine.