Umiliki wa Sehemu ya Nyumba: Unanunua Nini, na Unaendelea Kupanga Nini?

Mtu akisikia "umiliki wa pamoja", hufikiria mume na mke, au ndugu wawili walioandikisha majina yao kwenye hati moja. Mpango unaoitwa hivyo England hauko hivyo. Mwenzako katika nyumba ni shirika la nyumba: wewe unanunua sehemu, lenyewe linabaki na sehemu nyingine, na kwa hiyo sehemu yake unalilipa kodi kila mwezi. Ndiyo maana mimi napendelea kuuita umiliki wa sehemu. (Scotland na Wales zina mipango na masharti yao, kwa hiyo haya ni ya England.)

Mpango umewekwa kwa ajili ya watu ambao kipato chao hakitoshi kununua nyumba nzima. Kipato cha kaya kwa mwaka kisizidi pauni 80,000, au pauni 90,000 kwa London. Katika mikataba ya mfumo ulioanza 2021 unaweza kuanza na asilimia 10 tu ya nyumba. Zamani kiwango cha chini kilikuwa asilimia 25. Kiwango cha juu cha kuanzia ni asilimia 75.

Tuchukue nyumba ya pauni 300,000. Ukinunua asilimia 40, sehemu yako ni pauni 120,000. Kianzio (pesa unayotoa mwenyewe, kabla ya mkopo wa benki) cha asilimia 10 kinahesabiwa kwenye sehemu hiyo, si kwenye nyumba nzima, kwa hiyo unahitaji pauni 12,000 badala ya 30,000, na benki inakukopesha 108,000. Hapa ndipo mpango unapowavuta watu, na wana haki ya kuvutwa: kwa familia inayolipa kodi kubwa huku ikijaribu kuweka akiba, tofauti ya pauni 18,000 ni miaka ya kusubiri.

Lakini hesabu haijaisha. Sehemu ya shirika ni pauni 180,000, na kodi yake kwa kawaida huanza kwenye asilimia 2.75 kwa mwaka, yaani pauni 412.50 kwa mwezi juu ya rejesho la mkopo. Kodi hiyo hupanda kila mwaka. Mikataba mipya hutumia mfumuko wa bei pamoja na asilimia moja. Mfumuko ukiwa asilimia 2 tu kila mwaka, baada ya miaka kumi kodi itakuwa kama pauni 554 kwa mwezi. Juu yake kuna gharama za huduma za jengo: usafi wa ngazi, lifti, bima, mfuko wa matengenezo. Hizo hazigawanywi kwa sehemu. Mwenye asilimia 40 hulipa zote zinazoihusu nyumba yake, sawasawa na mwenye asilimia 100, na hakuna ukomo wa kiasi zinachoweza kupanda. Kwa maoni yangu hili ndilo linaloumiza kuliko yote, na ndilo wanunuzi wengi hulisoma wakiwa wameshahamia.

Mfumo mpya umelegeza kidogo upande wa matengenezo: kwa miaka kumi ya mwanzo shirika hubeba ukarabati wa nje na wa muundo wa jengo, na huchangia hadi pauni 500 kwa mwaka kwa baadhi ya matengenezo ya ndani. Mikataba ya zamani haina kinga hiyo, kwa hiyo ukinunua sehemu kutoka kwa mtu anayeuza, angalia kwanza mkataba wake ni wa mwaka gani.

Unaweza kuongeza sehemu yako polepole, jambo ambalo wenyewe huliita kupanda ngazi. Bei lakini ni ya siku unayopanda. Nyumba yetu ikifika pauni 360,000, ile asilimia 10 iliyokuwa 30,000 sasa ni 36,000, ukiongeza na ada za mthamini na mwanasheria. Mfumo mpya unaruhusu asilimia moja kila mwaka kwa miaka 15 bila kumlipa mthamini. Baadhi ya nyumba za vijijini, hata hivyo, haziruhusu kupita asilimia 80.

Kisheria, mpaka ununue nyumba yote, wewe ni mpangaji wa muda mrefu. Mwaka 2007 mahakama ya Birmingham iliamua kwamba mwanamke aliyenunua nusu ya nyumba, kisha akachelewesha kodi, angeweza kuondolewa kama mpangaji wa kawaida, na hakuwa na haki kisheria ya kudai thamani ya nusu yake. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imeitoa mikataba ya zaidi ya miaka 21 kwenye kundi hilo la upangaji wa kawaida. Hata hivyo deni la kodi bado linaweza kuhatarisha nyumba, kwa hiyo usiichukulie kodi hii kama nyongeza ndogo pembeni ya mkopo.

Kabla ya kutia saini, liombe shirika karatasi za gharama za huduma za miaka mitatu iliyopita kwa jengo hilohilo. Kama jengo ni jipya, omba za jengo lao lingine linalofanana nalo. Kisha jumlisha rejesho la mkopo, kodi na gharama hizo, uweke jumla hiyo kando ya kodi unayolipa sasa, na uirudie hesabu hiyo kwa kodi ya mwaka wa kumi.